Dhiraa Tatu za Bafta: Maisha ya Bi Kawthar binti Sinan, Mkunga

Assalaam alaykum nyote mliomo humu sablani, ukumbi wetu wa matanga, na kina mama mlioko nyumbani ng'ambo ya barabara mnaosikiliza kwa spika, mimi ni Taimur bin Sinan, mdogo wake marehemu, fundi wa bodi za magari pale Wattaya tangu mwaka 1979, skuli niliishia darasa la tano na yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe, basi nikikosea kusoma msinikatize, ngojeni nimalize ndiyo mnisahihishe. Kazi hii ilikuwa ya mwanawe, Badr, aliyesoma, lakini marehemu aliagiza nisome mimi, alisema Badr atayapamba mambo na Taimur hajui kupamba, nami nimelipokea neno hilo kama sifa.

Marehemu Kawthar binti Sinan bin Bakhit alizaliwa tarehe 3 Septemba 1950, Kokoni, mjini Unguja, akiwa mtoto wa tatu na msichana wa kwanza wa marehemu baba yetu, mshona magodoro ya sufi, na marehemu mama yetu, Bi Ruqaya, ambaye wengi wenu mnamkumbuka kwa ulimi wake. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alikuja duniani mkono wake umeegemea shavuni, kama mtu anayefikiri, na mkunga wa mtaa aliyempokea akasema huyu hatokuwa mtu wa kuambiwa neno mara moja akakubali, na kweli hakuwa.

Chuoni alikhitimu Kurani akiwa na miaka tisa, skuli ya msingi alisoma palepale mjini mpaka Januari 1964, mwaka ambao sitousimulia kwa sababu kila nyumba iliyomo humu ina wake, kisha tukakaa Dar es Salaam, ambako alimaliza sekondari mwishoni mwa 1968, na Septemba 1969 akaenda Kairo kusomea uuguzi na ukunga, akamaliza Juni 1973, shahada yake imetundikwa ukumbini kwa bintiye, Jumana, anayetaka kuiona aende akaione.

Aliingia Maskati tarehe 11 Februari 1974 na sanduku moja, na tarehe 2 Machi mwaka huohuo akaanza kazi katika wodi ya wazazi Matrah, wakati ambapo wakunga waliosomea walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, akatumikia kwa miaka thelathini na miwili na miezi sita, Matrah kwanza na baadaye hospitali nyengine mbili, mpaka alipostaafu tarehe 30 Septemba 2006. Alikuwa na madaftari ya skuli, ya karatasi za mistari, humo ameandika kila mtoto aliyempokea kwa mkono wake, jina la mama, siku, saa, na kama mtoto alilia mwenyewe au alilizwa, watoto elfu sita mia tatu na kumi na wawili, waliokufa wamo vilevile, hakumruka hata mmoja. Humu ndani nnawaona wasiopungua ishirini waliomo katika madaftari yale, na baadhi yenu sasa mna mvi. Tangu mwaka 1985 alikuwa pia akiosha maiti za wanawake, bila ya malipo, alisema haoni kwa nini awakaribishe watu mlangoni kisha asiwasindikize.

Tarehe 8 Julai 1976 aliolewa na marehemu Fahd bin Awadh, mwalimu wa jografia, mtu mpole, wakajaaliwa watoto wawili, Badr mwaka 1977 na Jumana mwaka 1980, na wajukuu watano. Shemegi Fahd alitangulia mbele ya haki tarehe 19 Mei 2011, Mungu amrehemu, hakupata hata siku moja kumwambia mkewe kwamba kitu fulani si kazi ya mwanamke.

Sasa nafika kwenye lile ambalo watu wamelisema kwa miaka arobaini pembeni, na mimi nimeagizwa nilisome katikati.

Tarehe 17 Oktoba 1981 aliletwa hospitalini mama mmoja wa kigeni jina lake Yolanda, mume wake alikuwa mhandisi kutoka Peru, amekuja kwa kazi ya shaba kule nyuma ya Sohar, na mtoto alikuwa ametanguliza makalio, daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji na mgonjwa mwengine, na dada yangu akakaa na mama yule saa kumi na tisa, bila ya kuwa na lugha hata moja baina yao, mpaka mtoto akatoka mzima, msichana, wakamwita Nélida. Wiki sita baadaye mama yule akarudi na kitu kimefungwa ndani ya shali, akakiweka mezani, akaondoka analia.

Kilikuwa chombo cha udongo, shibiri moja na nusu kwa urefu, rangi ya matofali na maziwa, juu yake pana mpini wenye tundu, umepinda kama kishikio cha kikapu na katikati umetoa mdomo mmoja wa kumiminia, lakini mwili wa chombo chenyewe ni watu watatu, mwanamke amekaa anazaa, mwanamke wa pili nyuma yake amemkumbatia chini ya kifua, na wa tatu amepiga magoti mbele amekinga mikono, na kichwa cha mtoto kimeshachomoza. Shemegi akakitafuta katika vitabu vyake, akasema ni kazi ya watu wa kale wa pwani ya kaskazini ya Peru, chini ya milima ya Andes, ambao wataalamu huwaita Wamoche, na kwamba kina miaka elfu moja na mia nne au zaidi. Dada akakaa nacho jioni nzima, kisha akasema aliyefinyanga kile hakuhadithiwa, alikuwamo chumbani.

Hapo ndipo ugonjwa wa kukusanya ulipomshika. Kati ya mwaka 1983 na 2004 alipata vyengine kumi na moja, kwa barua, kwa katalogi za minada, kwa kusafiri Landan mara mbili, mshahara wake wengine walinunulia dhahabu na yeye akanunua udongo, kichwa cha mwanamme chongo anayetabasamu, bundi aliyevaa kilemba, mtu mwenye mwili wa gunzi la muhindi, simba wa bahari, na kibuyu pacha kimoja ambacho ukikitia maji na kukiinamisha kinapiga mbinja. Mama alipokisikia mara ya kwanza alisimama mlangoni, akasema Kawthar, watu wanakatazwa kupiga mbinja ndani ya nyumba wasiite mashetani, wewe umeleta chungu kinachowaita bila ya kuchoka. Wakapatana kwamba kitapigwa baada ya Alasiri tu, madirisha yakiwa wazi.

Wengine hawakuchukulia kwa mzaha. Jirani yetu wa Wattaya, Bi Sayyida, yupo nyumbani pale na ananisikia, kwa hivyo simsengenyi, alisema malaika hawaingii nyumba yenye masanamu, na kwa miaka mingi akija alikaa barazani na hakukubali kuswali ndani. Dada hakubishana naye katika dini, akamwita seremala, akatengeneza kabati la milango katika chumba cha nyuma kisichoswaliwa wala kulaliwa, akaviweka humo, akafunga kwa ufunguo. Alifungua kwa ajili ya wanafunzi. Kila mwaka alikuwa akiwaleta wakunga wanafunzi, kundi kwa kundi, anawawekea kile chombo cha Yolanda juu ya meza, anawaonesha yule mwanamke wa nyuma, na maneno yake nnayajua kwa moyo, alikuwa akisema, "Hawa hawakuwa na dawa wala taa, lakini hawakumwacha mzazi peke yake. Nyinyi mna kila kitu, na mnamlaza chali mnakwenda kunywa chai." Katika wodi yake, tangu mwaka 1984, mama mzazi aliruhusiwa kuwa na mtu wake nyuma yake, mama yake au dada yake, na wakubwa wake walipomuuliza sheria hii imetoka wapi, aliwaambia imetoka Peru.

Na mimi nilikuwa na sehemu yangu katika kabati lile. Mwaka 1996 alinunua chombo cha bundi kwa barua, muuzaji ameapa ni kizima na hakijaguswa, nikakichukua nikakigonga kwa ukucha pande zote, kama ninavyogonga bodi ya gari, maana bodi nzima inaitika na bodi iliyojazwa puti ya kuzibia mabonde ni bubu, nikamwambia ubavu wa kushoto ni puti, bibie, umeuziwa gari iliyopinduka. Nilitaka kumfuata muuzaji hukohuko kwao. Yeye akaandika kikaratasi kwa mkono wake, "Ubavu wa kushoto si wa asili", akakibandika mbele ya chombo, na kila mgeni alisomeshwa hicho kwanza kabla ya kuambiwa uzuri wake. Ndivyo alivyokuwa, angeweza kunyamaza, na nani angejua.

Mnaponiuliza basi kosa lilikuwa wapi, nnakwambieni kosa lilikuwa letu sote, na lilitokana na wema. Sisi tunamzika mtu na sanda yake tu, hatumtilii kikombe wala pete, kwa hivyo haikutupitia akilini hata siku moja kujiuliza vyombo vizima namna ile vilitoka wapi. Tuliona ni vyombo vya nyumbani, vya jikoni kwa watu, vimetunzwa na wake wasafi kutoka mama kwenda binti, mama yetu hata aliwasifu, alisema wale wanawake hawakuwa na mikono mizito kama ya kina fulani. Miaka ishirini na mitano hatukujua, na vitabu alivyokuwa navyo dada vilisema mahali pa asili ni pwani ya kaskazini, havikusema chini ya nani.

Tarehe 5 Aprili 2007 alihama Wattaya kuja hapa Mabela, katika nyumba mpya, na mimi ndiye niliyesimamia gari za mizigo. Wachukuzi walichelewa, mimi hasira zangu mnazijua, nikawa nnabishana nao huku nnapakia, na sanduku lenye kile kichwa cha mwanamme chongo nikalitupa ndani ya pikapu badala ya kuliweka. Ndiyo, ni mimi niliyekivunja, mlioambiwa ni wachukuzi mliambiwa hivyo na mimi, na leo nnaurudisha uongo wangu mbele yenu. Dada akafungua sanduku hapohapo barabarani. Ndani ya chombo mlikuwa na udongo mkavu ulioganda, na ndani ya udongo kipande cha kitambaa cha pamba kadiri ya kiganja, na ndani ya kitambaa mfupa mdogo. Nilingoja anitukane. Akauchukua ule mfupa, akaugeuza, yeye ambaye amewaosha wanawake wangapi, akasema taratibu, "Hiki ni kidole cha mguu cha mtoto, Taimur. Hiki chombo hakikutoka jikoni."

Tangu siku ile hakuona raha tena mbele ya kabati lile. Akasoma, akaandika barua, akiwa na miaka hamsini na saba akajifundisha Kihispania kwa kanda, na majibu yakaja yote ya namna moja, kwamba vyombo kama vile hutoka makaburini, na vingi vilivyofika minadani vilichimbuliwa na wezi wanaofukua maiti, wanachukua chombo na kutupa mifupa. Alipokwisha kuyasoma alitwambia atavirudisha vyote. Kulikuwa na bwana mmoja kutoka nchi jirani aliyetaka kuvinunua vyote pamoja, nami, sitaficha, nilikuwa upande wa bwana yule, nikamwambia waliochimba si sisi. Akaniuliza, "Ukiletewa gari iliyokwanguliwa namba ya chasisi, wewe unaipiga rangi?" Na Wattaya nzima wanajua kwamba mimi siipigi, nimefukuza wateja wakubwa kwa jambo hilo. Nikaondoka kwa hasira, na miezi mitatu sikukanyaga kwake.

Mwezi wa nne nilikwenda kwake na mbao na sponji za viti vya gari, nikatengeneza masanduku kumi na moja, kila moja na umbo lake, na kile kilichovunjika alikiunga yeye mwenyewe, mfupa na kitambaa akavitia katika pamba mpya, akaviweka ndani yake kama vilivyokuwa. Karatasi zilichukua miaka. Tarehe 14 Machi 2013 masanduku kumi na moja yaliondoka kwa ndege, na tarehe 2 Juni ikaja barua ya makumbusho moja ya kaskazini ya Peru, kwamba yamefika salama na hata mkwaruzo hakuna, sponji ya Wattaya hiyo. Waliosema ameviuza kwa siri, barua ninayo hapa mfukoni.

Hesabu ya wenye akili hapa imeshasema kumi na moja si kumi na mbili. Kile cha Yolanda kilibaki. Alisema kile ni zawadi, na zawadi kwetu hairudishwi, utamwambiaje mtu aliyekupa kwa machozi kwamba alichokupa ni cha wizi, lakini pia, na haya aliniambia mimi peke yangu, hakuweza kuachana nacho. Alikuwa akilifungua kabati tupu na kukitazama kimoja kile. Mtu aliyewaambia watu elfu sita waachilie na wasukume, yeye mwenyewe miaka kumi na moja hakuweza kuachilia, na jambo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa.

Ugonjwa uligunduliwa tarehe 20 Novemba 2023, saratani ya kongosho, akakataa kudanganywa, akamwambia daktari ampe miezi na si maneno, daktari akampa kumi, naye akaishi kumi na moja na nusu. Januari mwaka huu akanikalisha nimwandikie yule mtoto, Nélida, ambaye sasa ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwalimu katika mji wa Trujillo. Barua niliiandika mimi kwa maneno yangu, yeye akaitia Kihispania, na hakutaka nifiche kitu, nikaandika wazi kwamba chombo cha mama yako tunadhani kilitoka kaburini, na tunaomba ruhusa yako tukirudishe. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Mama yake amefariki mwaka 2015. Chombo kilifukuliwa na babu yake mzaa mama alipokuwa akilima, pamoja na mifupa, na babu alikitoa chombo na kufukia mifupa, na mama alikuwa akilijua hilo tangu udogo wake. Mstari wa mwisho dada alinisomesha mara tatu, nausoma kama ulivyo, "Mama hakuwa na ujasiri wa kukirudisha, akakipa mikono aliyoiamini, alisema yule mkunga atajua la kufanya."

Dada akalala kidogo. Kisha akaniambia nikienda kununua sanda yake ninunue bafta zaidi, dhiraa tatu. Nikapandisha sauti, nikamuuliza mambo gani ya kuzungumza hayo na sanda ya nani nyengine. Akasema, ya yule mwenye chombo, amekaa uchi siku nyingi.

Alifariki usubuhi wa Jumatano, tarehe 6 Novemba 2024, nyumbani kwake hapa Mabela, mikononi mwa Jumana, na Badr nyuma yake amemkumbatia chini ya kifua, hivyo ndivyo alivyotaka kukalishwa. Nilikwenda dukani Matrah mwenyewe, muuzaji haijui dhiraa, akaniongezea mita moja na nusu.

Aliyesimamia kumuosha na kumkafini alikuwa Bi Sayyida. Kilipobaki kile kipande aliuliza cha nani, Jumana akamwambia. Bi Sayyida, ambaye kwa miaka arobaini hakuvuka kizingiti cha chumba chenye kabati lile, alinyanyuka, akaingia, akafungua kabati, akakitoa chombo kwa mikono yake miwili. Hakukifunga kama anavyofungwa maiti. Alikilaza juu ya bafta, akapindua pembe ya kushoto, akapindua ya kulia, akaurudisha upindo wa miguuni juu, kama anavyofungwa mtoto mchanga, namna ileile marehemu alivyowafunga watoto wake Bi Sayyida, wote wanne. Na kabla hamjaniuliza, bafta ni kitambaa tu, tumewauliza mashekhe, hakuna ubaya.

Tarehe 20 mwezi huu, inshallah, nitakipeleka mwenyewe, mimi ambaye sijavuka Dubai, na Nélida atanipokea uwanja wa ndege, na kitakwenda kukaa pamoja na wenzake kumi na moja. Shamba la babu limekuwa mtaa sasa, lakini amesema ataniongoza mpaka pale mifupa ilipofukiwa, na nitasimama hapo badala ya dada.

Kwa niaba ya familia nnawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila ya kumfanya mtoto, wakunga wenzake waliokesha naye kwa zamu kama wodini, majirani wa Mabela na wa Wattaya kwa chakula na viti, vijana waliochimba kaburi juani, na Bi Sayyida, ambaye nilikuwa na maneno naye ya miaka mingi na leo sina hata moja. Mwenye deni la marehemu aje kwangu, mwenye chuki naye aje kwangu vilevile.

Dada yangu, kabati lako nimelifungua milango yote, halina kitu tena, lala sasa na sanda yako tu kama tulivyokubaliana, wala asije mtu akakuamsha, na uwe na amani ile uliyowatafutia wengine. Pumzika.